Uliza Ujibiwe: Mbona Wanachoma Nyasi za Hifadhi?

Mwaka huu wa 2026 Umoja wa Mataifa umeutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa nyanda za malisho na wafugaji, na nadhani ndo maana sanduku letu la maswali safari hii limejaa nyika, nyasi, vichaka na moto. Nimefurahi sana jamani, maana miaka yote tukisema mazingira watu wanaelewa msitu tu, nyasi hamna anayeziulizia. Nimechagua maswali matano, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu. Wageni kila siku wananiuliza mbona kule ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna sehemu zimechomwa moto mpaka nyeusi na sehemu nyingine magugu yamefyekwa, wao wanajua hifadhi haiguswi. Huwa nababaisha tu. Nisaidie niwajibu nini.

JIBU: Marahaba kaka. Waambie hivi, hizo nyasi bila kuguswa zinakufa. Na hili sio la kubuni, Ngorongoro yenyewe imeshatufundisha.

Zamani Wamasai walikuwa wanaishi na ng'ombe wao mpaka chini kwenye sakafu ya kreta, wanalisha na wanachoma nyasi kuukuu ili yachipue majani mapya. Mwaka 1974 wakahamishwa kutoka mle ndani na moto nao ukasimamishwa, kwa nia nzuri kabisa ya kulinda. Kilichotokea ni kwamba nyasi zikawa ndefu na ngumu, nyati ambao wanapenda nyasi za namna hiyo wakaongezeka sana, nyumbu wanaotaka nyasi fupi wakapungua, na kwenye nyasi ndefu kupe wakajaa. Halafu ukaja ukame wa mwaka 2000, mvua zikafuata, na kufikia 2001 wanyama wakawa wanakufa kwa magonjwa, nyati, nyumbu, pundamilia, mpaka simba na faru weusi ambao kila mmoja anajulikana. Kuanzia hapo mamlaka ikarudisha moto wa mpangilio, kipande kwa kipande, na kupe kwenye maeneo yaliyochomwa wakapungua. Yaani miaka zaidi ya 25 ya kuzuia moto halafu tukarudi kwenye kile ambacho wafugaji walikuwa wanakifanya tangu mwanzo bila semina wala ripoti, na mimi nasema wazi kabisa kwamba wazee wanaoijua ile kazi walitakiwa kuulizwa mapema na wanatakiwa kuulizwa mpaka leo.

Sababu yenyewe iko kwenye mwili wa nyasi. Mti unakua kwa ncha, ukikata ncha umeuumiza, lakini nyasi sehemu yake ya kukulia iko chini kabisa karibu na udongo, kwa hiyo ng'ombe akila juu au moto ukipita haraka, chini kumesalimika na siku chache baada ya mvua unaona kijani. Zisipoliwa wala kuchomwa yale majani makavu ya mwaka jana na juzi yanalundikana yanazuia jua, na shina linaoza taratibu. Ile nyasi nyekundunyekundu unayoiona Serengeti na Ngorongoro wakati wa kiangazi, wataalamu wanaiita Themeda triandra, ndo mfano mzuri, ukiiachia tu bila moto wala mlaji inapungua mpaka inapotea. Na ukiweza siku moja waonyeshe wageni mbegu yake, ina mkia mrefu mweusi ambao ukipata unyevu unajisokota na kujizungusha mpaka mbegu inajichimbia yenyewe ardhini, wageni wataipenda hiyo kuliko simba aliyelala!

Kuhusu kufyeka, kule kreta kuna mimea inayotawala, mmojawapo una maua ya njano, Bidens schimperi, mwingine wa zambarau, Gutenbergia cordifolia, ambao watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha wameushughulikia sana. Huo wa zambarau ni wa hapahapa kwetu, sio mgeni, ila una sumu kwa walaji, kwa hiyo wanyama wanakula mimea ya jirani yake, wenyewe wanauacha, na mwisho unatanda eneo zima. Kufyeka kunasaidia kama kukifanyika kabla mmea haujatoa mbegu. Kukifanyika baada ya hapo umesaidia kupanda.

Na usisahau kuwaambia kwamba moto mwingi nao ni balaa. Serengeti miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ilikuwa inaungua hovyo kwa sababu nyumbu walikuwa wachache, sotoka, ule ugonjwa unaoua ng'ombe na nyumbu, ilikuwa inawamaliza. Ng'ombe wa vijiji vya jirani wakachanjwa, sotoka ikaondoka, nyumbu wakapanda kutoka karibu robo milioni mwaka 1961 mpaka zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, wakawa wanazila zile nyasi zilizokuwa zinaungua, moto ukapungua, na miti michanga ambayo ilikuwa inaungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe ikarudisha miti, fikiria. Kwa hiyo swali sio moto mzuri au moto mbaya, swali ni moto wa lini, wapi, na baada ya miaka mingapi. Ule wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, unatambaa taratibu na kuacha mabaka mabaka ambayo wadudu na ndege wanajificha, ule wa mwisho wa kiangazi unafagia kila kitu.

SWALI: Habari. Nimesikia gugu karoti limefika mpaka hifadhini. Huku Arusha mtaani kwetu limejaa na mwanangu akilishika anawashwa ngozi. Tufanyeje? (Mama wa watoto wawili, Arusha)

JIBU: Pole dada, pole na mtoto. Ndio, ni kweli, gugu karoti limeshaonekana kwenye hifadhi zetu na za Kenya, Nairobi na Masai Mara lipo. Asili yake ni Amerika ya joto, na kwa Arusha liliripotiwa mwaka 2010. Ubaya wake ni kasi, likiota linaweza kutoa maua ndani ya mwezi mmoja hivi, na mmea mmoja mkubwa unatoa mbegu elfu kumi na zaidi, vidogo vyepesi vinavyonasa kwenye matope ya tairi, kwenye kifusi cha ujenzi, kwenye majani ya ng'ombe yanayosafirishwa. Ng'ombe wakila maziwa yanakuwa machungu.

Ling'oe baada ya mvua udongo ukiwa laini, kabla halijachanua, vaa glavu, shati la mikono mirefu na barakoa, na huyo mtoto asisogee kabisa maana mwili ukishalikataa kila safari inakuwa mbaya zaidi. Kama limeshachanua litie kwenye mfuko kwanza ndo ulitoe, kisha lichomwe sehemu moja. Wasikwambie ulifanye chakula cha mbuzi, na yale maua meupe yasitumike kupambia. Halafu, na hili watu wengi wanaliacha, ukishang'oa usiache ardhi uchi, panda nyasi hapohapo kwa sababu gugu karoti linapenda pale pasipo na mwenyewe.

Na kaka yangu wa Karatu hapo juu nawe hili linakuhusu, gari likitoka mjini lioshwe chini na kwenye matairi kabla ya kuingia geti la hifadhi. Barabara na maegesho ndo njia kuu ya magugu haya kuingia, angalia mwenyewe utaona yanaanzia pembeni ya barabara.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Makete, tumepata mfadhili wa miche 20,000 ya paini. Kuna uwanda mkubwa wazi karibu na Hifadhi ya Kitulo, hauna mti hata mmoja, tunataka tuupande tuokoe mazingira. Una ushauri gani?

JIBU: Vijana wangu, nawapongeza kwa moyo, na nawaomba msipande hapo.

Najua inauma kusikia hivyo, mmehangaika kutafuta mfadhili na kila mtu ameshatuaminisha kwamba eneo lisilo na miti ni eneo lililoharibika. Lakini huo uwanda haukukatwa miti, ndivyo ulivyo, ni nyika ya nyasi ya milimani na ina umri mrefu kuliko vijiji vyetu vyote. Kitulo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu na ndo hifadhi ya taifa ambayo ilitangazwa, mwaka 2005, kwa ajili ya maua hasa, kuna aina 350 hivi za mimea, na okidi peke yake ni zaidi ya 40. Vile vile mbayuwayu wa buluu, ndege ambaye dunia nzima wamebaki wachache, anakuja kuzaliana kwenye nyasi hizo. Maji ya vijito vya kule ndo yanaenda kuanzisha Ruaha Mkuu, na paini hunywa maji kuliko nyasi. Mkiweka miche 20,000 juu ya hapo, kivuli kinaua okidi kwanza, halafu mbegu za paini zinapeperuka na upepo zinaingia ndani ya hifadhi na askari wanabaki na kazi ya kung'oa miche ya paini na miwati miaka na miaka.

Na kurudisha ni kugumu. Uwanda wa nyasi ukilimwa au ukipandwa miti, nyasi za kawaida zinaweza kurudi haraka lakini ile mimea ya zamani yenye viazi na mizizi minene chini ya ardhi, ambayo inaishi miaka mingi na haitoi mbegu kwa wingi, hiyo inachukua miongo mingi, pengine karne, na mingine hairudi. Sehemu kubwa ya uhai wa nyika iko chini, na hata kaboni nyingi wanayoihesabu siku hizi nyika imeitunza udongoni ambako moto haufiki. Ndo maana nasema kulinda uwanda ambao bado haujaguswa ni kazi kubwa kuliko kupanda chochote. Kule kwenu kuna tatizo jingine mnalijua, uchimbaji wa viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengeneza chakula kinachoitwa chikanda. Kikundi kikijitolea kuelimisha watu kuhusu hilo na kusaidiana na hifadhi kung'oa paini zilizojiotea, kwa kibali chao, mtakuwa mmeiokoa Kitulo kwelikweli.

Hili la kupanda miti nyikani sio la Makete tu. Mwaka 2024 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu ule mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha hekta milioni 100 ifikapo 2030, wakaonyesha kwamba eneo la ukubwa kama nchi ya Ufaransa lililoahidiwa kuwekwa miti ni nyika na mbuga ambazo sio msitu kwa asili. Na wenzetu wa Baringo kule Kenya wana kesi ya kusimulia, mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge kwa nia nzuri, kuni na kuzuia jangwa, leo umemeza malisho, miiba inachoma kwato, na maganda yake yenye sukari yanaozesha meno ya mbuzi. Wananchi walienda mahakamani na mwaka 2006 wakampeleka mbuzi asiye na meno kama ushahidi.

Sasa miche yenu. Paini ni biashara halali na Makete watoto wamesomeshwa kwa mbao, sipingi. Pandeni kwenye mashamba yaliyokwishalimwa, yaliyochoka, mbali na mpaka wa hifadhi na mbali na vyanzo vya maji. Na mwombeni mfadhili sehemu ya hela abadilishe iwe miti ya asili kwa ajili ya mabonde ambayo kweli yalikuwa na msitu, wazee watawaonyesha ni yapi. Mkimweleza vizuri atawaelewa, na asipoelewa basi tatizo ni lake.

SWALI: Mimi ni mfugaji Longido, jirani na WMA, yaani eneo la vijiji la kuhifadhi wanyamapori. Sehemu kubwa imebaki vumbi tu, nyasi hazirudi hata mvua ikinyesha. Wanyama wa pori na ng'ombe wote wanateseka. Je, mbegu zinanunuliwa wapi au tusubiri?

JIBU: Kabla ya mbegu mzee wangu tuulizane, hiyo sehemu inapumzishwa? Kwa sababu kama kuna mashina yaliyo hai na mbegu udongoni, kupumzika peke yake kunatosha, na nyie mna alalili yenu, malisho ya kutengwa, ambayo kwa maoni yangu ndo njia bora kuliko zote za kitaalamu. Wasukuma wanaita ngitili. Shinyanga ilikuwa karibu jangwa, miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o na kulima pamba, serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986 na ulipoanza ngitili zilizohesabika zilikuwa hekta kama 600 tu, kufikia 2004 walikuwa wanazungumzia hekta zaidi ya laki tatu, na kazi kubwa ilikuwa kurudisha utaratibu wa wenyewe, kila kaya au kijiji kinafunga eneo wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kikali. Mwaka 2002 walipata hata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Hamna mbegu ya dukani iliyofanya hiyo kazi.

Ila kama umechimba na kuona udongo umeganda juu, maji ya mvua yanateleza tu, hapo usisubiri, hata ukifunga miaka mitano hakitaota kitu. Chimbeni makinga maji ya nusu mwezi, upande wa wazi uangalie juu mlima unakotoka maji, tuta liwe chini, maji yatuame ndani. Humo ndani kwaruza udongo kidogo mnyunyize mbegu mvua zikikaribia, zifunikwe sentimita moja au mbili tu, zikizama zaidi hazitoki. Chagueni nyasi za huku huku, Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus, na njia nzuri ni akina mama wakusanye kutoka kwenye alalili iliyo na hali nzuri, mnapata mbegu iliyozoea mvua zenu na hela inabaki kijijini, Kenya kule Makueni na Kitui vikundi vinaishi kwa kuuza mbegu hizi. Angalizo moja, Cenchrus iliyovunwa jana haioti vizuri, ihifadhi pakavu miezi sita au zaidi ndo uisie.

Msimu wa kwanza ng'ombe asiingie kabisa. Msimu wa pili nyasi zikishatoa mbegu mnaweza kuingiza kwa siku chache, kwato zinasaidia kukanyagia mbegu chini. Kwa eneo lililo ndani ya WMA yenyewe kaeni na uongozi mkubaliane kwanza kwa maandishi, maana nimeona miradi mizuri imekufa kwa sababu ya mgogoro wa nani anaruhusiwa kuchunga.

SWALI: Jambo sana mama. Sisi ni watu wa Uvira, Kongo, tunaishi Tucson, Arizona, Marekani. Huku kuna watu wanaenda mlimani wikiendi kung'oa majani, mie nilipoyaona nikashangaa, yanafanana kabisa na majani ya Afrika! Wanasema ni mabaya sana. Tena nasikia kwamba dungusi za huku ndo zinasumbua Kenya. Ni kweli?

JIBU: Jambo baba, na hongera kwa jicho zuri. Ni kweli yote mawili.

Hayo majani ni ile ile Cenchrus ciliaris niliyomwambia mzee wa Longido akaisie! Wamarekani wanaiita buffelgrass, ilichukuliwa Afrika ikapelekwa huko kwenye miaka ya 1930 na 1940 kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na kuzuia udongo usibebwe. Kwetu imekua pamoja na moto na nyumbu na ng'ombe, ina wa kuila. Kwenye jangwa la Sonoran haina. Lile jangwa ni la vichaka na dungusi ndefu za saguaro zinazoishi mpaka miaka 150 na zaidi, na kati ya mmea na mmea kuna udongo mtupu, kwa hiyo moto ulikuwa hauna pa kupita. Nyasi yetu inajaza ule uwazi, inakauka, cheche ikianguka inaungua kwa joto kali, halafu yenyewe inachipua tena na saguaro inakufa moja kwa moja. Ndo maana Hifadhi ya Taifa ya Saguaro na majirani zake wanapambana nayo. Moto uleule unaoiponya Ngorongoro unaua huko, kwa hiyo mtu akikwambia kuna kanuni moja ya kurejesha nyika dunia nzima usimkubalie.

Na dungusi, hasa Opuntia stricta, imetoka huko Amerika ikajaa Laikipia na Tsavo Mashariki. Tembo na nyani wanapenda tunda lake, wanalila na kuangusha mbegu mbali, miiba midogo inaumiza midomo na matumbo ya mifugo, na ukiikata ukaacha vipande chini kila kipande kinaota. Laikipia wameleta mdudu mdogo, Dactylopius opuntiae, anayefyonza dungusi hiyo mpaka inanyauka, anasambazwa kwa kuweka pande lenye wadudu juu ya mmea ambao hauna. Inachukua muda lakini inaenda, na sehemu zilizopungua dungusi nyasi zinarudi kama wafugaji watakubali kupumzisha eneo.

Baba, mkipenda muungane nao, mkono wenu utawafaa sana, nani anayajua hayo majani kuliko nyie? Kazi ni kuingiza chuma cha kuchimbia chini ya shina mkalitoa lote na mzizi wake wa juu, mkikata majani tu linachipua, vichwa vyenye mbegu viingie mfukoni, halafu mrudi palepale miaka inayofuata kwa sababu mbegu zilizobaki udongoni zitaota. Usiende peke yako kung'oa kitu ndani ya hifadhi, pitia kwa wahusika wa kujitolea wa hifadhi yenyewe. Glavu, viatu vigumu, maji mengi, na watoto wapeleke miezi ya baridi tu, joto la Tucson wakati wa kiangazi nyie mnalijua kuliko mimi.